Siku Ng'ombe Wote Walipokuwa Vipofu

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, nalo halikuhusu elimu. Mwalimu Mkuu alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akauliza, "Binti, unaweza kupaza sauti?" Nikamwambia naweza. "Basi darasa la tatu ni lako," akasema. "Wako wengi, na ukuta kati yako na mimi ni wa matete."

Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya ualimu ya misheni, binti wa Kigogo kutoka vijiji vya chini ya mlima wa Kilimatinde. Nilipelekwa kwa Wanyaturu, kwenye kijiji kimoja karibu na msitu wa Mgori. Jina lake naliacha, kwa sababu wajukuu wa watu nitakaowataja bado wanaishi huko, na hakuna apendaye kusikia babu yake akisemwa. Ilikuwa wakati wa Waingereza, vita kuu ya pili ikiendelea. Mwalimu wa kike alikuwa kitu cha kuja kutazamwa. Wazee walipita mlangoni makusudi, na mimi nikawaamkia shikamoo hadi midomo ikakauka.

Nawaandikia nyinyi walimu vijana ambao mnalalamika kwamba Kiswahili ni kigumu kufundisha. Mna vitabu vya picha na redio. Mimi nilikuwa na ubao mmoja uliopasuka katikati, na watoto ambao nyumbani hawakusikia neno la Kiswahili ila siku ya kodi. Kwao ilikuwa lugha ya karani na ya jela. Nami nilitakiwa kuwafanya waipende.

Kazi ya darasa la tatu ilikuwa sifa. Siku hizi mnaziita vivumishi, lakini sisi tulisema sifa tu, maneno yanayoeleza kitu kikoje. Asubuhi nilipanga vitu mezani: mtungi, kibuyu, jiwe, kigoda. Mtoto anasimama, anashika kimoja, anakieleza. Mtungi mkubwa. Kibuyu kikubwa. Jiwe kubwa. Kule kufanana kwa mwanzo wa neno na jina lake tuliita upatanisho, na watoto wale hawakupata taabu nao, maana hata Kinyaturu kina mambo hayo. Taabu ilikuwa kwa maneno ya kigeni. Walisema "kibuyu kisafi," nami nikisahihisha, "Kibuyu safi." Jumbe, mkuu wa kijiji, alikuwa na mtoto wake darasani, Sungi, mtundu asiyekosa neno. Aliniuliza, "Mwalimu, mbona huyu safi ni mkaidi?" Nikamjibu kwamba safi ni mgeni aliyetoka Uarabuni, bado hajajifunza kuvaa nguo zetu. Wakacheka, na hawakukosea tena.

Lakini upatanisho pekee haukunitosha. Mtoto akisema "kigoda hiki ni kirefu," na kigoda chenyewe kinafika gotini, nilimsimamisha mpaka aseme kweli. Niliwaambia kila juma kwamba sifa ina miguu miwili, upatanisho na ukweli, na ikikosa mmoja inachechemea. Wakati ule nilijivunia sana msemo huo.

Aliyeushika kuliko wote alikuwa Mariamu Hango. Baba yake alifariki kabla sijafika, mama yake akabaki na watoto wadogo na maksai mmoja, yaani dume aliyehasiwa ili anenepe. Baada ya matanga ndugu wa marehemu waligawana ng'ombe wengine wote. Ndugu wa mume wakiwa wengi, mjane hana pake.

Maksai yule alikuwa ndiye tumaini la nyumba ile. Kwa wafugaji, maksai aliyenona hubadilishwa kwa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Mtamba akizaa, nyumba inapata maziwa na ndama, na mjane anarudi kuwa mtu. Mama Mariamu alikwisha patana na mzee mmoja wa upande wa Mungaa kwamba mvua zikianza watabadilishana. Alikuwa akimlisha maksai yule mabua na maganda ya viazi kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa, vita ilitaka nyama. Serikali ilikuwa ikinunua ng'ombe kwa ajili ya askari, na kununua kwenyewe hakukuwa kwa hiari. Bwana Mifugo, Mzungu mrefu mwenye mabaka ya jua usoni, alipita vijijini akichagua wanono na kuwapiga chapa. Bei aliyolipa isingempatia mjane hata mguu wa mtamba. Kwa hiyo kila iliposikika kwamba yuko njiani, ng'ombe wazuri walipelekwa ndani ya msitu wa Mgori, na nyumbani wakabaki wale wa kuonyeshwa. Kijiji kizima kilijua, na Jumbe alijua kuliko wote, kwa kuwa ng'ombe wake ndio waliotangulia.

Ndipo Mwalimu Mkuu aliponiita. "Bwana Mkaguzi anakuja kukuona ukifundisha," alisema. "Mwaka wako wa majaribio unakwisha. Akikuandikia vizuri unapata cheti. Akikuandikia vibaya, sijui. Jambo moja tu nakwambia, binti yangu. Anachukia kasuku."

Kasuku lilikuwa neno la Bwana Mkaguzi kwa watoto wanaokariri bila kuelewa. Ilisemekana kuna mwalimu aliyepoteza kazi kwa sababu darasa lake liliimba jibu lilelile kwa maswali mawili tofauti. Nilianza kuota kasuku.

Siku yenyewe lori lilipotokea kwenye mbuga, kijiji kilinyamaza ghafla. Petroli ilikuwa ya mgawo, hivyo mabwana walisafiri pamoja. Aliposhuka Bwana Mkaguzi, mfupi, mwenye miwani, nyuma yake akashuka Bwana Mifugo. Watoto walimwona. Sungi alimnong'oneza mwenzake kitu kwa Kinyaturu, na nong'ono likapita benchi kwa benchi mpaka mwisho. Habari za lori zilikuwa zimetangulia na ng'ombe walikuwa wamepelekwa msituni, lakini kwa haraka, na hawakuwa mbali.

Jua lilikuwa kali. Bwana Mifugo hakutaka kungoja nje, akaingia darasani pamoja na Jumbe, wakakaa nyuma. Hivyo nikafundisha nikiwa na hukumu yangu upande mmoja na hukumu ya kijiji upande wa pili.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mtungi ulielezwa, kigoda kikaelezwa. Mariamu alisimama na kibuyu akasema, "Kibuyu hiki ni chepesi, ni safi, ni cheusi kwa moshi," na Bwana Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainuka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha pwani.

"Mwalimu, meza hii wameizoea," alisema. "Mimi nataka wanieleze kitu ambacho hakipo hapa. Watoto, nyote mnafuga. Nielezeni ng'ombe wa kwenu. Kila mmoja sifa tatu."

Nyuma ya darasa Bwana Mifugo aliacha kujipepea kwa kofia.

Nilitaka ardhi ipasuke. Swali lenyewe lilikuwa zuri, na hata mimi ningeliuliza. Sungi alisimama kwanza, mikono nyuma, uso wa mtoto wa kanisani.

"Ng'ombe wetu ni mmoja," alisema. "Ni mwembamba. Ni mzee. Ni kipofu."

Jumbe akainua macho akaanza kuchunguza nyasi za paa. Siku za kawaida ng'ombe wake hunywa kisimani tangu asubuhi mpaka saa sita, na bado wengine wanangoja zamu.

Akasimama wa pili. Ng'ombe wao alikuwa mgonjwa, mfupi na kiwete. Wa tatu akasema wao wana ng'ombe mwembamba, mchafu na kipofu. Benchi zima likaenda hivyo. Upatanisho ulikuwa safi kabisa, hata mimi sikuwahi kuusikia ukiwa safi namna ile, na katika nchi nzima ya wafugaji hapakuwa na mnyama mmoja mwenye macho mawili. Mimi ni Mgogo, sikuhitaji kuelezwa. Sisi watu wa ng'ombe hatukisifu kitu tunachokipenda mbele ya anayeweza kukichukua. Mtoto mnono tunamwita mbaya, maziwa mazuri tunasema yameharibika. Lakini watoto wale walikuwa wamezidisha chumvi.

"Mwalimu," Bwana Mkaguzi aliniita taratibu, "wanajua maana ya kipofu?"

Nilisimama na chaki mkononi. Nikisema wanajua, nimesema wanadanganya, na Bwana Mifugo atauliza ng'ombe wa kweli wako wapi. Nikisema hawajui, ni kasuku. Kabla sijachagua, Bwana Mkaguzi akageuka mwenyewe, akamnyooshea kidole Mariamu.

"Wewe wa kibuyu. Niambie kweli. Ng'ombe wa kwenu yukoje?"

Mariamu alinitazama mimi. Alikuwa mtoto asiyejua hila, na tangu nifike nilimhubiria juu ya miguu miwili ya sifa. Sikuweza kumkonyeza, mabwana wote walikuwa wakinitazama. Nikaona amekata shauri.

"Ng'ombe wetu ni dume maksai," alisema. "Ni mweusi. Ni mkubwa. Ni mnene, ana pembe ndefu na ngozi laini. Ni mpole kwa mama."

Uso wake uling'aa alipokuwa akisema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipokuwa na kitu cha kweli cha kusema kwa Kiswahili.

"Hii ndiyo lugha!" Bwana Mkaguzi alipiga kofi mezani, mtungi ukaruka. "Mwalimu, hongera. Hii nitaiandika." Akatoa kalamu.

Bwana Mifugo naye alikuwa amesimama. "Mtoto," aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "ngombe hii iko wapi?"

Hapo ndipo Mariamu alipoelewa. Niliona uso wake ukipauka. Alifunga mdomo. Kalamu ya Bwana Mkaguzi ilikuwa ikiandika cheti changu, na kwa maneno yaleyale lori la Bwana Mifugo lilikuwa likimngoja maksai wa mjane. Nilitaka cheti kile, sitawadanganya. Nilikitaka kuliko kitu chochote duniani.

"Bwana," nilisema, "hana ng'ombe."

Kalamu ikasimama. "Unasema nini?"

"Hiyo ni sentensi ya ubaoni. Niliiandika juma lililopita, wakaikariri. Huyu ni mtoto wa mjane, nyumbani kwao hakuna mnyama. Jumbe ni shahidi."

Jumbe hakuchelewa hata kidogo. "Ni kweli, Bwana. Maskini sana. Hata kuku hawana."

Bwana Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. "Yaani ni kasuku?"

"Ni kasuku, Bwana."

Mariamu alinigeukia. Sikumtazama.

"Vizuri," alisema Bwana Mkaguzi, na sasa sauti yake ilikuwa baridi. Hakuwa mjinga yule mtu. "Kama ni ya ubaoni na wote waliikariri, basi waiseme wote. Sasa hivi. Wewe nyamaza," akamwambia Mariamu.

Hilo sikulitegemea. Sentensi ile haikuwahi kuandikwa popote. Ilikuwa imetoka kinywani mwa mtoto mara moja tu, dakika ileile. Bwana Mifugo alikuwa amekwisha vaa kofia. Niliinua mkono kama mtu anayeanzisha wimbo, sikuwa na la kufanya zaidi.

"Darasa," nilisema.

Akaanza Sungi, peke yake, kwa sauti ya kuburuza kama anayesoma akisinzia. "Ng'ombe weeetu..." Na darasa zima likampokea. "Ni dume maksai. Ni mweeeusi. Ni mkuuubwa. Ni mneeene, ana pembe ndeeefu na ngozi laaaini. Ni mpole kwa maaama." Hakuna aliyekosa neno. Waliimba macho yakiwa ukutani, kwa uchovu, kana kwamba wameiimba mwaka mzima mpaka wamechoka nayo. Walipomaliza wakaketi kwa pamoja. Nimefundisha wengi tangu hapo, wakiwemo waliokuja kuwa mahakimu, lakini sijapata kuwa na darasa lenye akili kama lile.

Bwana Mifugo akavua kofia. Bwana Mkaguzi akakata mstari mrefu juu ya alichokuwa ameandika, na mimi nikausikia ule mkwaruzo wa kalamu kama ananichana mimi.

Siku ile Bwana Mifugo aliondoka na ng'ombe wa kuonyeshwa, wale waliokuwa wamebakizwa makusudi. Mimi nilinyimwa cheti na kuongezewa mwaka wa majaribio. Mwalimu Mkuu alinifokea mbele ya walimu wenzangu wote. "Umejichimbia kaburi kwa jembe lako mwenyewe! Mtoto amekupa cheti mkononi, wewe unakitupa!" Baadaye, tulipokuwa wawili tu, aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni kweli wana maksai?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi pia sijui," na hatukulizungumza tena.

Mariamu hakuwa ameimba. Alingoja wenzake watoke, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, mimi si kasuku."

"Najua."

"Umewaambia mimi ni kasuku."

"Mariamu, angechukuliwa. Mama yako angebaki na nini?"

"Ulisema tuseme kweli," alisema, machozi yakimtoka. "Kila siku ulisema."

Ningeulizwa tena siku ile ningesema vilevile, lakini maneno yake yaliniuma, yakaniuma siku nyingi. Tangu hapo hakuinua mkono darasani. Akiitwa alijibu kwa neno moja na kukaa. Sifa nilizifundisha kwa wengine, na kile kibuyu alikishika mtu mwingine.

Mvua zilipoanza, maksai alikwenda Mungaa na mtamba akaja. Mama Mariamu hakunishukuru kwa maneno, maana kushukuru kungekuwa kusema siri. Mtamba alipozaa alikuja nyumbani kwangu na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakiweka chini kwa haraka.

"Maziwa mabaya haya, Mwalimu," alisema. "Ya ng'ombe mgonjwa. Yamwage tu."

Niliyanywa yote. Sijanywa maziwa matamu kama yale.

Mwaka wa pili nilipata cheti, kwa mkaguzi mwingine. Muda si mrefu akaja Msimamizi wa Shule, Mzungu mgeni aliyekuwa anaangalia shule zetu zote, na habari iliyonirukisha moyo. Shule ya wasichana huko kwetu, upande wa Kilimatinde, ilihitaji mwalimu wa kike. Nyumbani! Mama yangu, lugha yangu, na nyumba ya bati. Nililala nikifunga mizigo mawazoni.

Msimamizi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kumhamisha mwalimu aliwauliza wanafunzi. Alisimama mbele ya watoto wangu walewale, ambao nilikuwa nimepanda nao darasa, mimi nikiwa kando, akawaeleza kwamba huenda Mwalimu akapelekwa shule kubwa zaidi. "Niambieni bila hofu," akasema. "Mwalimu wenu ni mtu wa namna gani?"

Kisha mkono mmoja ukainuka nyuma, mkono ambao sikuwa nimeuona juu kwa zaidi ya mwaka. Nilijua nilimwita nini mbele ya watu, na sasa ilikuwa zamu yake.

Mariamu alisimama. Alinitazama usoni, hakutazama pengine.

"Mwalimu wetu ni mgonjwa," alisema polepole, akihakikisha kila neno. "Ni mzee. Ni kipofu."

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na macho ya kuona punje ya ulezi mchangani. Nilikohoa nikajishika kifua kama mgonjwa, maana kilio kilikuwa kinakuja na sikutaka kimfichue mtoto. Akasimama Sungi akasema mimi ni mchafu na mvivu. Wengine wakafuata, benchi kwa benchi, wakaniharibu mpaka sikubakiwa na kitu. Mwalimu Mkuu alikuwa amegeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Msimamizi alinitazama kwa huruma kubwa. Ningeweza kumweleza. Neno moja tu, na ningekuwa kwetu kabla ya mavuno. Nilifungua mdomo, nikamwona Mariamu bado amesimama, nikaufunga. Lori liliondoka bila mimi.

Nilikaa pale mpaka darasa lile lilipomaliza shule, na Mariamu alirudi kuinua mkono kila siku hadi nikamwomba awape na wenzake nafasi. Baadaye nilifundisha Mungaa, na hatimaye kweli Kilimatinde, lakini mama yangu alikuwa amekwisha tangulia. Uhuru ulinikuta na chaki mkononi. Nilifundisha wakaguzi weusi waliokuja kunikagua mimi mwenyewe, nao walinikagua bila aibu.

Nilipostaafu nilifanyiwa sherehe. Nilipewa kanga na redio, na Afisa Elimu akasoma hotuba ndefu. Nilikuwa hodari, mwadilifu, mchapakazi, mvumilivu. Upatanisho ulikuwa sawa kabisa. Kisha nikaombwa niseme neno. Nikawashukuru, nikawaambia kwamba katika kazi yangu yote nimesifiwa na watu wengi wakubwa, lakini aliyenisifu kweli ni mtoto mmoja niliyempokea darasa la tatu, binti wa mjane, aliyesema mimi ni mgonjwa, mzee na kipofu. Ukumbi wote ukacheka, wakadhani bibi ameanza kuchoka.